Kumsubiri mzee wa Koganei

"Shangazi, imetoka!"

Ujumbe uliingia usiku, nikiwa nimeshazima taa. Aliyeutuma ni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, na katika ukoo wetu wote ni yeye tu ninayeweza kukaa naye tukamzungumza Hayao Miyazaki, mzee wa Japani mwenye filamu za katuni za kuchorwa kwa mkono, ambaye studio yake iko Koganei, mpaka chai ipoe. Chini ya ujumbe kulikuwa na video fupi: shamba la nyasi ndefu, msichana mwenye kofia ya ukindu, treni kuukuu inayopita juu ya maji, mawingu mazito meupe ya aina ile ile tuliyoizoea kwake. Mwishoni yakatokea maandishi: filamu mpya, inakuja.

Moyo uliniruka. Nikakaa kitako kitandani, nikairudia. Kabla haijafika nusu nilikuwa nimeshajua.

"Hapana, mwanangu. Hiyo si yake. Imetengenezwa na akili mnemba."

Akaandika neno moja: "Umejuaje?"

Nikamjibu kwa kifupi, akaridhika, akalala. Mimi sikuridhika. Wiki kadhaa sasa usiku ule unanizunguka kichwani. Nilichokiona kwenye video nakijua. Kinachonisumbua ni ule mruko wa moyo. Nilikuwa nashangilia nini? Namtaka nini tena mzee wa watu, aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1941, na ambaye ameshatupa filamu ndefu 12?

## Viatu, tambi, gundi

Nianze na lililo jepesi.

Nyasi za kwenye video zilikuwa zikiyumba zote kwa mpigo mmoja. Upepo wa Miyazaki huja kwa zamu: huanzia pembeni, hupita, hugusa mti mmoja ukauacha mwingine. Na yule msichana hakuwa na shughuli. Alisimama, akageuka, akatabasamu, basi.

Watu wa Miyazaki wana shughuli. Chihiro wa Spirited Away akivaa viatu hugonga vidole vya mguu chini kwanza, ndipo akimbie. Satsuki wa Totoro amembeba mdogo wake mgongoni kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha, na mwavuli lazima ushikwe. Katika Ponyo watoto wawili wanazingojea tambi zilainike ndani ya bakuli lililofunikwa, na sisi tunangoja pamoja nao. Katika ile filamu yake ya 2023 ya mvulana na korongo, Mahito anajitengenezea upinde na mshale. Anamhonga mzee wa nyumbani sigara ili anolewe kisu, na wali ndio unaokuwa gundi ya kushikisha unyoya.

Ile gundi ya wali haihitajiki. Iondoe, hadithi itaendelea vilevile. Lakini mtu fulani alikaa mezani akakumbuka kwamba mtoto wa wakati wa vita, asiye na duka la karibu, angetumia wali. Kisha akazichora zile punje, na wenzake wakazichora upya mara nyingi, mpaka zikanata.

Mwaka 2016 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilionyesha filamu ya hali halisi kumhusu. Humo kuna kipande ambacho kimezunguka sana mitandaoni. Wahandisi vijana wanamwonyesha kiwiliwili cha kompyuta kilichojifunza kutambaa kwa kujikokota, kinatumia kichwa kama mguu. Wanadhani kitafaa kwa mazimwi. Miyazaki ananyamaza. Halafu anamtaja rafiki yake mwenye ulemavu, anayekutana naye asubuhi, ambaye hata kuunyoosha mkono ili wapigane viganja ni kazi ngumu kwake. Anasema hawezi kukitazama kitu kile akakifurahia huku akimfikiria rafiki yule, na kwamba kwake ni kuutusi uhai.

Wengi hukinukuu kipande hiki kama hasira ya mzee asiyependa kompyuta. Machi 2025, mitandao ilipofurika picha za harusi, za wachanga, hata za wanasiasa, zote zikigeuzwa na akili mnemba kuwa "za Ghibli", yaani za mtindo wa studio ya Miyazaki, kwa sekunde chache, kilirushwa tena kila mahali kama jiwe la kumtupia mwenzio. Mimi nakirudia kwa ajili ya yule rafiki. Kati ya yote aliyoweza kuyasema kuhusu mashine, lililomjia kwanza lilikuwa mkono wa mtu anayemjua.

Hicho ndicho kilichokosekana kwenye video ya mwanangu.

## Dakika moja kwa mwezi

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimelala vizuri. Mkono wa mtu ni bora kuliko mashine, tuusubiri mkono. Lakini mkono huo ni wa nani, na umebakiwa na nini?

Mwaka 2020 Toshio Suzuki, mtayarishaji wake wa tangu zamani, aliulizwa kazi ya ile filamu ya mvulana na korongo imefika wapi. Akasema wachoraji 60 wakifanya kazi mwezi mzima walikuwa wanapata dakika moja. Dakika 12 kwa mwaka. Miaka mitatu ilikuwa imewapa dakika 36. Akalinganisha na Totoro ya mwaka 1988: wachoraji wanane, miezi minane.

Filamu ilipokamilika ilikuwa na dakika 124.

Walichora kwa mkono, na safari hii bila kupangiwa tarehe ya kumaliza. Isitoshe, Miyazaki hana desturi ya kuandika mswada mpaka mwisho kwanza. Huichora filamu nzima kwenye karatasi, kipande baada ya kipande, maelezo pembeni, na wachoraji huanza kazi wakati yeye mwenyewe bado hajaufikia mwisho. Watu 60 wanamfuata mtu mmoja aliye mbele yao hatua chache tu. Akisimama, wote wanasimama.

Hapo ndipo kitumbua changu kilipoingia mchanga.

Kwetu mtu akifika umri wake, tunampokea mzigo akiwa bado mlangoni. Tunamwambia, pumzika mzee, umefanya vya kutosha. Sasa mbona huyu wa Japani tunamwambia kinyume? Mbona mimi, niliyemnyang'anya baba yangu ufunguo wa bodaboda kwa sababu macho yake yamechoka, natamani mtu wa rika la baba yangu akae chini ya taa akachore nyasi kwa miaka mingine saba?

Nilibaki na swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

## Ya mwisho, na ya mwisho tena

Mwenyewe ameaga si mara moja. Mwaka 1997, Mononoke ilipotoka, habari zilikuwa kwamba huenda hatatengeneza nyingine. Miaka minne baadaye ikaja Spirited Away, ikavuna zaidi ya yeni bilioni 30 nchini kwao, ikapata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003. Tarehe 6 Septemba 2013 aliwaita waandishi wa habari Tokyo. Akakiri kwamba ameshawahi kuzusha kelele za namna ile, akasema safari hii ni kweli: filamu ndefu basi.

Nilimwamini. Nilihuzunika kama mtu anayesikia kiwanda kilichomlea kimefungwa.

Ndani ya ile filamu ya NHK kuna mambo mawili, na hayo mawili yananivuta huku na huku.

La kwanza: mzee yuko nyumbani, amestaafu, anahangaika. Anachezea wazo la kiwavi aitwaye Boro, ajaribu kumtengeneza kwa kompyuta akiwa na vijana. Mwishowe anaamua kurudi kwenye filamu ndefu, na anasema kwamba afadhali kufa akiwa na kazi kuliko kufa akiwa amekaa bure. Nikayaona hayo nikapumua. Kumbe sisi hatukumlazimisha. Ni kiu yake.

La pili: anazungumzia warithi. Anasema aliwalea, lakini akawala yeye mwenyewe. Alikula vipaji vyao.

Ukishalisikia hilo huwezi kujifanya hukusikia. Maana kuna Yoshifumi Kondo. Kondo ndiye aliyeongoza Whisper of the Heart mwaka 1995, filamu ndogo ya msichana anayejaribu kuandika hadithi yake ya kwanza, na nikiambiwa nichague filamu moja ya Ghibli ya kukaa nayo uzeeni, nitaichagua hiyo kabla ya zote. Wengi walimwona ndiye atakayeshika usukani. Alifariki Januari 1998, akiwa na miaka 47, akiwa ameongoza filamu moja tu.

Sijui kwa nini jina lake halitajwi zaidi tunaposhangilia ujio wa filamu nyingine ya Miyazaki. Kila ninapoitamani ile ya kumi na tatu, naona na nafasi ambayo ingekuwa ya mwingine. Studio iliyoanzishwa mwaka 1985 imezeeka pamoja na watu wake watatu: Miyazaki, Suzuki, na Isao Takahata, aliyefariki Aprili 2018. Kungoja kwetu kumeijengea ukuta. Tulitaka yeye, na yeye akawepo, na aliyekuwa pembeni akakosa jua.

Niliwahi kufikiri niache. Nisisome tena habari zake, nimwachie uzee wake.

## Ubao wa kibanda umiza

Kilichonirudisha ni kumbukumbu ya Julai 2023.

Desemba ya mwaka uliotangulia Ghibli walitoa bango moja na tarehe moja ya ile filamu ya mvulana na korongo. Kwenye bango: kichwa cha ndege aliyechorwa kwa mkono, na chini ya mdomo wake kama jicho linachungulia. Kisha kimya. Hawakutoa trela wala picha, hawakutangaza waigizaji wa sauti, hawakusema hata hadithi inahusu nini. Jina lenyewe lilikuwa swali, Ninyi Mtaishije, lililoazimwa kutoka kitabu cha Genzaburo Yoshino cha mwaka 1937, na hata hapo hadithi ilikuwa nyingine.

Suzuki ndiye aliyeamua hivyo. Alisema miaka yote wamefanya yaleyale ili watu waje, na safari hii wajaribu tofauti. Kwamba katika zama hizi za habari kupita kiasi, kukosa habari kunaweza kuwa burudani yenyewe. Miyazaki, kwa maelezo ya Suzuki, aliuafiki uamuzi huo huku roho ikimdunda. Iliwezekana kwa sababu studio iligharamia filamu kwa fedha zake yenyewe, bila kundi la wafadhili wa kuidai matangazo.

Tarehe 14 Julai watu wa Tokyo, wa Osaka, wa vijijini, wakaingia ukumbini bila kujua wataona vita au kichekesho.

Niliposoma habari hizo nilikumbuka kibanda umiza cha mtaani kwetu nilipokuwa mdogo. Nje kulikuwa na ubao mweusi, na juu yake chaki: jina la filamu, mara nyingi limekosewa, na saa. Hayo tu. Tulitoa sarafu zetu, tukabanana kwenye benchi, na kila kilichotokea kilitutokea sisi na waliokuwa kwenye filamu kwa wakati mmoja. Sijapata tena raha ile. Siku hizi filamu inapotoka nimeshaona vipande vyake vizuri vyote, nimeshajua nani atakufa, na nimeshagombana na watu nisiowajua kama ni nzuri au mbaya.

Nikaona jambo nililokuwa nimelichanganya. Kuna kungoja kwa kudai, kama mdai aliyeketi barazani kwako: ipo wapi, imefika wapi, nipe walau kipande. Na kuna kungoja kwa wale watu wa Julai. Walikuwa na tarehe na ndege mmoja. Hawakuwa na cha kumdai mtu. Miaka saba ya kazi walipewa yote kwa mara moja, ndani ya giza.

Kwa namna hiyo ya pili sidhani kama tunamla mtu.

## Mawe kumi na matatu

Sisi tusio na ukumbi wa karibu wa kuonyesha filamu za namna hii, mvulana na korongo alitufikia Netflix, Oktoba 2024, kama zilivyotufikia zile za zamani mwaka 2020. Nilijitahidi nifike siku hiyo bila kujua kitu, na kwa sehemu kubwa nilifaulu.

Sitaisimulia yote. Asiyeiona aiache sehemu hii aruke chini.

Mle ndani kuna mzee wa mnara, babu mkubwa wa Mahito, ambaye kazi yake ni kupanga mawe. Mawe 13, moja la kuongeza kila baada ya siku tatu, na ulimwengu mzima unasimama juu ya mpango huo. Amechoka. Anataka mrithi wa damu yake. Anamwomba Mahito achukue nafasi.

Mahito anakataa.

Anaonyesha kovu kichwani pake, alilojitia mwenyewe kwa jiwe, kwamba ubaya anao ndani na hastahili kugusa mawe yale safi. Anachagua kurudi kwenye vita na moto, kwa mama wa kambo na shule inayomchosha.

Suzuki alieleza baadaye kwamba Mahito ni Miyazaki, korongo mwenye maneno ni yeye Suzuki, na yule babu ni Takahata. Takahata alipofariki katikati ya kazi, Miyazaki alikwama, kisha akaipeleka hadithi upande mwingine. Inaaminika. Lakini mimi niliyekaa mbele ya kompyuta nyumbani, nilimwona Miyazaki mwenyewe pale kwenye kiti cha babu, na nilimwona mwanawe Goro. Septemba 2023, miezi miwili tu baada ya filamu kutoka, Ghibli ilitangaza kwamba inaingia chini ya kituo cha televisheni cha Nippon TV, kilichochukua asilimia 42.3 ya hisa za kura. Katika taarifa ile lilitajwa jina la Goro: alikuwa ameombwa zaidi ya mara moja aiongoze studio, na akaona kuibeba peke yake ni vigumu.

Mzee ametengeneza filamu inayosema, msinirithi. Mnara uanguke, ninyi nendeni mkaishi.

Na kama ndivyo alivyosema, nani sasa anarudi kusimama chini ya mnara ule kumuuliza lini ataongeza jiwe?

Kwa siku kadhaa niliona hapo ndipo penye jibu langu. Ametuachia njia, tuondoke. Binti wa kaka yangu ndiye aliyenikatalia, tulipokuwa tunaosha vyombo. "Lakini shangazi," alisema, "babu alitaka mtu mwingine ashike kazi *yake*. Hakuna aliyesema babu asifanye kitu kingine."

Ni kweli. Tarehe 7 Septemba 2023 filamu hiyo ilifungua tamasha la filamu la Toronto, na Junichi Nishioka, mmoja wa viongozi wa Ghibli, akawaambia waandishi wa habari pale kwamba wanaosema ni ya mwisho wamekosea: Miyazaki anakuja ofisini akiwa na mawazo ya filamu nyingine, na safari hii hatatangaza kustaafu kabisa. Zaidi ya hapo studio haijatupa jina wala tarehe. Tuzo ya Oscar ilipokuja Machi 2024, hakwenda Los Angeles kuipokea.

Napenda kwamba hakwenda.

## Robo saa ya Mitaka

Kuna jambo moja ambalo huwa linawashangaza wanaoipenda Ghibli kama mimi wakiambiwa mara ya kwanza. Baada ya kustaafu mwaka 2013, kabla ya korongo, Miyazaki alimaliza filamu. Ni ile ya kiwavi Boro, kama robo saa hivi. Ilianza kuonyeshwa Machi 2018 kwenye jumba la makumbusho la Ghibli huko Mitaka, mji ulio pembeni mwa Tokyo, jirani na Koganei ilipo studio. Jumba lile lina ukumbi mdogo, na filamu fupi zake hupokezana humo kwa zamu. Hazikuwekwa Netflix, haziuzwi kwenye diski. Tiketi ya jumba hununuliwa mapema, unafika, unaangalia ile iliyoko zamu mwezi huo, unaondoka nayo kichwani.

Sijamwona Boro. Najua tu ametoka kwenye yai na kwamba sauti zote za filamu zilifanywa kwa mdomo na mchekeshaji Tamori.

Zamani jambo hilo lilikuwa likiniudhi. Niliona ni choyo, robo saa ya Miyazaki kufungiwa kwenye jumba moja mbali na dunia. Sasa naliona kinyume kabisa. Mtu wa umri ule alikaa na mdudu wake kwa kipindi kirefu kwa ajili ya watoto watakaopita mlango ule, na hakuna hesabu ya watazamaji iliyomsukuma, wala mimi na wenzangu hatukuwa na la kumdai. Kama kuna kazi ya uzeeni ninayomtakia mtu yeyote, ni hiyo.

Kwa hiyo nasubiri, ndiyo. Sitafuti tena trela, na zile zinazozushwa nazifuta bila kuzifungua. Filamu ndefu ya kumi na tatu ikija na bango moja na ndege mmoja, nitakaa gizani nikiwa sijui kitu, na mwanangu pembeni. Ikiongozwa na kijana ambaye jina lake bado hatulijui, nitakaa vilevile, na nitafurahi zaidi kwa ajili ya Kondo. Na ikiwa alichonacho mezani sasa ni robo saa nyingine ya kuonyeshwa Mitaka tu, basi ni sawa; nimeshaanza kuulizia nauli ya Tokyo, ni ghali mno kwa mshahara wangu, na nimefungua kibubu.